Bourbon iliyolala kwenye pipa la bia

Shemeji yangu ni seremala, na seremala ukimpa wiski haanzi kwa kuonja. Anaanza kwa kuuliza imelala kwenye mti gani.

Anafanya kazi kwenye karakana ya fanicha hapa Grand Rapids, magharibi mwa Michigan, mji ambao zamani ulijiita Mji wa Fanicha na siku hizi unajisifu zaidi kwa bia. Jioni ile nilipoweka chupa ya wiski ya Kimarekani mezani nikamwambia, "Shemeji, hii ni bourbon, ila wameimalizia kwenye pipa la bia," alikunja uso.

"Pipa la bia lipi? La chuma?"

Swali la haki kabisa. Bia nyingi tunayokunywa haijawahi kugusa ubao tangu ipikwe mpaka ifike kwenye glasi. Inatoka kwenye tangi la chuma, inaingia kwenye pipa la chuma, kopo au chupa. Ukisema "pipa la bia" mtu anaona lile dude la kung'aa linaloviringishwa nyuma ya baa. Ikabidi nimweleze kwamba kuna bia chache, hasa stauti, zile bia nyeusi nzito, ambazo watengenezaji huzilaza kwenye mapipa ya mbao yaliyokuwa na bourbon. Goose Island wa Chicago walifanya hivyo miaka ya 1990 wakitumia mapipa ya Jim Beam, na wengi wakafuata. Hapa hapa Grand Rapids, Founders wanalaza stauti yao ya KBS kwenye mapipa ya bourbon ndani ya migodi ya zamani ya jasi, chini ya ardhi.

Chupa yangu ilitoka jirani. Ni Beer Barrel Bourbon ya New Holland, kampuni ya bia ya mji wa Holland, mwendo wa kama nusu saa kwa gari kutoka hapa ukielekea Ziwa Michigan. Bia yao maarufu ni Dragon's Milk, stauti ya asilimia 11, ambayo nayo hulazwa kwenye mapipa ya bourbon. Bia ikishatolewa, badala ya kulitupa pipa, wanalijaza bourbon tena na kuiacha kwa miezi michache kabla ya kuitia kwenye chupa. Pipa lilibeba bourbon, likabeba bia, likabeba bourbon tena.

Shemeji akafikiri kidogo. "Yaani pipa limeolewa, likaachika, likarudi kwao na vyombo vya mume."

Mke wangu akaguna huko jikoni. Ni dada yake, na mizaha ya namna hiyo anaijua tangu utotoni.

Nilicheka, lakini baadaye nikaona kwamba mzaha ule una maelezo mengi kuliko yale yaliyoandikwa kwenye lebo. Kwa sababu swali la kwanza ni hili: kwa nini pipa liondoke kwao? Jibu liko kwenye sheria. Ili kinywaji kiitwe bourbon ni lazima kitengenezwe Marekani, nafaka zake ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na kikikenekwa kilevi chake kisizidi asilimia 80. Kinapoingia kwenye pipa kiwe kimeshushwa kwa maji hadi asilimia 62.5 au chini ya hapo. Halafu kuna lile sharti linalobeba hadithi nzima: pipa liwe la mwaloni, liwe jipya, na liwe limechomwa moto ndani. Likitumika mara moja, basi. Unaweza kulipenda kama mtoto wako, lakini bourbon nyingine haitakua humo.

"Hiyo sheria aliiandika seremala," alisema shemeji.

Matokeo yake ni kwamba kila mwaka Kentucky, jimbo linalotengeneza bourbon nyingi zaidi, inatoa mapipa mazima, yenye nguvu, yaliyonona vilevi na utamu, na hayana kazi tena nyumbani. Mengi huvuka bahari kwenda Uskoti na Ireland, ambako wiski haina masharti ya pipa jipya. Mengine huenda Mexico kwenye tekila, mengine Louisiana kwenye kisiwa cha Avery, ambako pilipili ya Tabasco huvundikwa humo. Mengine yanaenda kwa watu wa bia. Na yale yasiyopata mchumba hukatwa nusu yakauzwa madukani kwa ajili ya kupandia maua.

Hilo la mwisho ndilo lililomwinua shemeji kwenye kiti. Mwaka juzi alimnunulia dada yake nusu pipa la kupandia mchicha, na pete moja ya chuma ilipolegea kukabaki ubao mmoja ulioanguka, ambao aliuhifadhi gereji kwetu kwa sababu seremala hatupi ubao. Akaenda kuuleta.

Ningependa kila mtu anayeandika habari za wiski aushike ubao wa namna ile walau mara moja. Nje ulikuwa wa kijivu, umepigwa na mvua, hauna habari. Ndani ulikuwa mweusi tititi, umepasuka vipande vipande vya mraba vilivyojikunja pembeni. Watengenezaji mapipa wenyewe wanaita uchomaji mkali wa namna hiyo ngozi ya mamba, na sikuhitaji kuelezwa kwa nini. Shemeji akaukata kwa msumeno mdogo, akanionyesha sehemu iliyokatwa. Kutoka upande wa makaa kulikuwa na weusi mwembamba, kisha kahawia inayopungua taratibu, kisha mstari mwekundu kama wa chai ya rangi iliyomwagika kwenye karatasi, kisha ubao mtupu wa rangi ya maziwa. Ule mstari ndipo kinywaji kilipofika. Kiangazi cha Kentucky kinapopasha ghala moto, pombe inatanuka na kusukumwa ndani ya mbao. Baridi inaporudi, inajivuta nje, imebeba kile ilichokikuta huko. Miaka minne, mitano, sita ya kuingia na kutoka.

Na alipoukata tu, gereji ilinuka vanila. Ubao uliokaa nje mwaka mzima, ukalowa mvua na kufunikwa na theluji ya Michigan!

Nikamwambia vanila ile haikutiwa na mtu. Ndani ya mwaloni mna lignini, ile gundi inayoshikamanisha nyuzi za mti, na moto ukiipitia inavunjika na kutoa vanilini. Sukari zilizojificha kwenye mbao zinaungua na kuwa karameli. Mwaloni mweupe wa Marekani una pia mafuta fulani yanayonukia nazi, ndiyo maana bourbon nyingine ukiinusa unafikiri kuna mtu anapika kashata chumba cha pili. Makaa nayo yanachuja harufu mbaya za pombe changa. Kwa maneno mengine, rangi yote ya bourbon na sehemu kubwa sana ya ladha yake vinatoka kwenye fanicha.

"Nimesema mimi," alisema.

Kisha akanifanyia jambo ambalo sijalisahau. Alitafuta gerejini kipande cha mwaloni mwekundu, mti wanaotumia sana kwa meza na sakafu, akakikata kiwe kama kidole. Akakichovya ncha moja kwenye bilauri ya maji, akaweka mdomo ncha ya pili, akapuliza. Mapovu! Hewa inapita ndani ya ubao kama kwenye mrija. Akachukua kipande cha mwaloni mweupe kutoka kwenye ule ubao wa pipa, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna hata povu moja. Mwaloni mweupe huziba mishipa yake yenyewe kadiri mti unavyozeeka, ndiyo maana unashika pombe miaka na miaka bila kuvuja. Ule mwekundu ukiutengenezea pipa utapata kichujio. Kusoma nilikuwa nimesoma, ila kuona mapovu ni habari nyingine.

Haya, tuonje.

Jaribio la kwanza tuliliharibu wenyewe. Nilikuwa na mpango mzuri: glasi tatu kwa kila mtu, moja ya bourbon ya kawaida isiyopitia pipa la bia, moja ya Dragon's Milk, na moja ya ile iliyomaliziwa. Kosa likawa kwenye mpangilio. Kwa kuwa bia ni nyepesi kuliko wiski, tukaanza na bia. Ndiyo kanuni ya baa, lakini haikufaa hapa. Stauti ya asilimia 11 iliyojaa kimea kilichokaangwa si nyepesi hata kidogo. Inapaka ulimi lami. Bourbon zote mbili zilizofuata zilikuwa na ladha ya kahawa, na shemeji akatangaza kwamba ile ya kawaida ndiyo iliyolala kwenye pipa la bia. Hata mimi nilikuwa karibu kukubali. Tukafunga chupa, tukala, tukaahidiana Jumamosi.

Jumamosi tulifanya kwa adabu. Maji ya kusukutua, mkate mkavu, hakuna bia mpaka mwisho. Mke wangu ndiye aliyemimina, sisi tukiwa sebuleni, ili tusijue ipi ni ipi. Yeye hanywi, lakini pua yake inajulikana nyumba nzima. Maziwa yakikaribia kuchacha anajua kabla hajafungua friji.

Glasi ya kwanza ilinipeleka moja kwa moja kwenye vanila na mahindi matamu, na ukali kidogo unaochoma tundu za pua. Mdomoni ilikuwa karameli mbele, kisha mdalasini, kisha ule ukavu wa mbao unaokubana kwenye ufizi. Bourbon ya kueleweka, kama mtu anayesalimia kwa sauti kubwa.

Glasi ya pili ilinisumbua. Rangi yake haikuwa tofauti, labda ilikolea kwa uzi mmoja, na hata hilo huenda ni mimi nilitaka liwe hivyo. Kwenye pua vanila ilikuwepo, ila imerudi nyuma hatua moja, na mbele yake kulikuwa na kitu kikavu, kilichookwa. Nikasema biskuti. Shemeji akasema vumbi la msumeno lililopata moto. Nikaonja. Ule ukali wa mwanzo ulikuwa umekatwa kona. Ilipita ulimini laini, na katikati, pale ambapo bourbon ya kwanza ilikuwa tamu tu, hii ilikuwa na unga unga fulani, ladha ya nafaka, kama uji wa kimea. Mwisho wake ulikuwa mfupi, na ulifunga kwa uchungu mdogo wa kakao isiyo na sukari.

Tulikuwa bado tunabishana mke wangu alipoingia, akainua glasi ya pili, akainusa mara moja.

"Hii inanuka ukoko," akasema, akairudisha mezani.

Ukoko! Wali uliogandia chini ya sufuria ukapata rangi, kabla haujaungua. Nusu saa nilikuwa natafuta neno hilo kwenye chokoleti, biskuti na kahawa, kumbe lilikuwa jikoni. Na ndilo neno lenyewe, kwa sababu kinachoipa stauti weusi wake ni nafaka iliyokaangwa mpaka ukingoni mwa kuungua. Shayiri ile ile ambayo ikikaushwa kwa upole inatoa bia ya dhahabu, ikikaangwa sana inatoa kahawa na kakao bila kahawa wala kakao kuwemo. Bia ikikaa kwenye pipa inaacha huo ukoko ndani ya mbao, kwenye nyufa za ile ngozi ya mamba, pamoja na sukari zake. Bourbon ikiingia inakuta nyumba ina harufu ya mpangaji aliyepita.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi wanakosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Bourbon iliyomaliziwa kwenye pipa la bia haina ladha ya bia. Ukiinunua ukitarajia povu, gesi au uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, utasikitika. Kitu kilichobaki kwenye mbao ni lita chache za bia iliyojificha, ukilinganisha na pipa la takribani lita 200, na hata hizo lita zinakutana na pombe kali inayozimeza. Kinachofanyika ni kidogo kuliko jina lake, na kwangu mimi ni kizuri kuliko jina lake: bia inairudishia bourbon nafaka. Miaka kwenye mbao mpya iliyochomwa humfanya mtu asahau kwamba kinywaji hiki kilianza kama mahindi na shayiri kwenye maji ya moto, karibu sawa na bia. Mbao inapiga kelele. Pipa lililochoshwa na bourbon ya kwanza, likalainishwa na stauti, halina tena sauti hiyo ya juu, na nafaka inapata nafasi ya kusema.

Sisemi kila kinachomaliziwa hivi kimefaulu. Kumalizia kumekuwa fasheni, na nimeonja chupa, ambazo sitazitaja, zilizopitishwa kwenye pipa la pili kana kwamba mtu anafunika mchuzi ulioungua kwa bizari. Wiski changa, kali, isiyokaa sawa, kisha jina refu kwenye lebo. Sheria angalau inakusaidia hapo: bourbon iliyomaliziwa kwenye pipa lililotumika haiwezi kuandikwa bourbon ikaishia hapo, ni lazima lebo iseme imemaliziwa kwenye pipa la nini. Kwa hiyo soma maneno yote, hata yale madogo. Angalia pia kama kuna neno "straight", linaloonyesha imekaa angalau miaka miwili kabla ya kuhamishwa.

Ya New Holland nina dukuduku moja tu nayo, na ni la tamaa. Wameitia kwenye chupa ikiwa na asilimia 40, kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Kwa kunywa jioni baada ya kazi ni sawa, inateremka bila ugomvi. Ila ule ukoko wa katikati unapita haraka mno. Ndiyo umeanza kuukamata, tayari umeshakwenda. Kama wangeiacha hata kwenye 45 nadhani ungekaa. Shemeji hakubaliani nami. Yeye anasema kitu kinachokuacha ukitaka zaidi kimetengenezwa na fundi, na kwamba mimi ni mtu wa kupenda kelele. Barafu nayo usijaribu. Tuliweka vipande viwili kwenye toti ya mwisho na nafaka yote ikafa, ukabaki utamu baridi.

Waayalandi nao wanacheza mchezo huu, na wao pipa lao linasafiri kwenda na kurudi kweli kweli. Jameson walipeleka mapipa yao kwa kiwanda kidogo cha bia cha Franciscan Well, mjini Cork, yakalaza stauti, kisha yakarudi Midleton, kwenye kiwanda cha Jameson, kupokea wiski tena. Wiski hiyo ndiyo wanayoiita Caskmates. Glenfiddich wa Uskoti mwaka 2016 walitoa yao iliyomaliziwa kwenye mapipa ya IPA, bia ya hopsi nyingi. Nimeonja ile ya Jameson. Ni laini kuliko hii ya Michigan na kakao yake inasikika mapema zaidi, nadhani kwa sababu wiski yenyewe ni nyepesi na haina mwaloni mpya wa kushindana nao. Bourbon ina mabega mapana; stauti inabidi ipige hodi mara mbili.

Mwisho tulifungua Dragon's Milk, safari hii ikiwa mahali pake. Na hapo ndipo ilipokuja raha ambayo sikuitegemea. Baada ya bourbon mbili, bia ile ilinionyesha vanila na nazi waziwazi, vitu ambavyo siku ya kwanza sikuviona kabisa chini ya ule weusi. Harufu ya ubao wa gereji ilikuwa ndani ya bia. Ukoko wa bia ulikuwa ndani ya bourbon. Shemeji aliweka glasi mbili bega kwa bega, akanusa hii, akanusa ile, kama mtu anayelinganisha pacha.

"Hawa wamekopeshana nguo," alisema, akaondoka na kile kipande cha ubao mfukoni.

Glasi tuliziacha mezani bila kuziosha, uvivu tu wa Jumamosi usiku. Asubuhi nilisikia mke wangu anazikusanya, kisha kimya. Nilipotoka nikamkuta amesimama na glasi moja iliyokauka chini ya pua. Pombe yote ilikuwa imeruka usiku, vanila na ukali vimekwenda nayo.

"Ndiyo ile ya pili," akasema. "Yote imeondoka, ukoko umebaki."

Akanipa ninuse. Kisha akaichukua, akaitia kwenye maji ya sabuni.